Kupanda Milima na Watoto Wadogo: Mwongozo Kamili wa Kuanzia Lushoto

Mara ya kwanza kuwapeleka wanangu mlimani niliharibu karibu kila kitu. Viatu vilikuwa vipya kutoka dukani. Tuliondoka saa 5 asubuhi, jua limeshapamba moto. Maji yalikuwa chupa mbili kwa watu watano, na njia yenyewe niliichagua kwa sababu niliona picha nzuri ya kileleni. Urefu wake sikuuliza. Tulipofika nusu, kitinda mimba wangu, ambaye alikuwa na miaka minne, alikaa chini katikati ya njia akatangaza, "Mama, miguu imekataa." Nikambeba mgongoni kwa khanga, nikashuka naye jua linazama, na kwa siku tatu zilizofuata nilikuwa naamka kitandani kwa awamu.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu kuna sheria moja: njia ni ya mwenye miguu mifupi kuliko wote. Mlima haupangwi kwa baba anayekimbia kila Jumamosi wala kwa kifungua mimba wa miaka kumi na moja asiyechoka. Unapangwa kwa yule mdogo. Akifurahi yeye, mwezi ujao mtarudi wote, na akilia yeye wote mtashuka mkiwa mmenuniana.

Nawashauri wazazi waanzie Lushoto, katika Milima ya Usambara mkoani Tanga, na sababu zangu ni za kivivu kabisa. Mji wenyewe uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kupanda kwingi mmeshafanyiwa na gari. Kuna ubaridi; Wajerumani walipapenda kwa sababu hiyo, wakapaita Wilhelmstal. Njia ni zile zile ambazo watoto wa vijijini huko wanazipita kwenda shule kila siku, hakuna tembo wala nyati wa kukutana naye kwenye kona, na mtu akikwama bodaboda haiko mbali. Milima mingine mirefu haikupi nafasi ya kukosea, lakini huu unakupa.

Pima mguu kabla ya mlima

Wiki tatu kabla ya safari, watembezeni watoto nyumbani. Si mazoezi ya kijeshi. Jumamosi asubuhi mnaenda sokoni kwa miguu na kurudi, au kwa bibi, au ufukweni, na wewe unaangalia saa. Unataka kujua mambo mawili: mtoto anatembea muda gani kabla hajaanza kulalamika, na malalamiko hayo yanaisha kwa maji na ndizi au hayaishi. Kwa wa Dar es Salaam, misitu ya Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe inatosha kwa jaribio la kweli lenye vilima. Wa Nairobi wana bahati ya Msitu wa Karura, ule ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania usigawiwe kwa wajenzi mwishoni mwa miaka ya 1990. Una vijia vilivyowekewa alama, maporomoko na mapango, na mtoto hawezi kuchoka akiwa mbali na geti.

Kwa uzoefu wangu, mtoto wa miaka minne au mitano hufika kilomita 3 hadi 4 kwa furaha, na zinazobaki ni kwa hongo. Wa miaka sita hadi minane humudu 5 hadi 7. Kuanzia miaka tisa anaweza kumaliza 10 na bado akakuomba mpira mkifika. Chini ya miaka mitatu usihesabu miguu yake. Hesabu mgongo wako na mbeleko.

Kisha piga hesabu ya muda. Mwaka 1892 Mskochi mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda juu. Kanuni hiyo ni ya mtu mzima asiyesimama kutazama mende. Ukiwa na watoto, zidisha jibu mara mbili. Njia ya kilomita 6 yenye vipando vidogo ambayo wewe ungeimaliza kwa saa moja na nusu, ipangie saa tatu. Wengi wanadhani natania, kisha wananipigia simu kuniambia walitumia saa tatu na nusu.

Mwezi na saa ya kuondoka

Machi hadi Mei usiende. Ni masika, na udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unakuwa sabuni. Utashuka kwa makalio, na mtoto uliyemshika mkono atashuka nawe. Juni hadi Septemba ndiyo nzuri zaidi, na likizo ya shule ya Juni inaangukia humo humo. Lakini ni msimu wa baridi, na mtu wa pwani hajui baridi ninayoisema. Usiku inaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Watoto wangu waliowahi kunicheka nikifungasha masweta mazito ndio walioomba soksi za pili. Desemba, wakati wa vuli, inawezekana, ila tembeeni asubuhi tu kwa sababu mvua mara nyingi hujikusanya mchana.

Saa ya kuondoka ni saa 3 asubuhi, watoto wakiwa wameshakula chakula cha kueleweka, yaani uji na viazi, si chai na biskuti. Kabla ya hapo, katika Juni na Julai, ukungu unakuwa bado umelala mabondeni na mnaweza kufika kwenye mandhari mkaona pazia jeupe. Saa ya kurudi iwe saa 9 alasiri. Jua la Lushoto linazama kama saa 12 na nusu hivi, lakini ndani ya msitu giza linaingia mapema zaidi. Na kabla hamjaondoka, tajeni kwa sauti saa ya kugeuka. Saa hiyo ikifika mnageuka hata kama kilele kiko pale, kinaonekana, kinawapungia mkono. Kutaja mapema kunasaidia kwa sababu mlimani, ukishaona mwisho, akili haifanyi kazi. Afadhali uamuzi ufanywe mezani na mtu aliyeshiba.

Mzigo

Viatu kwanza. Si lazima vya bei mbaya. Raba za shule zenye soli iliyochongwa, zilizokwisha kuvaliwa mwezi mzima, zinashinda buti jipya la gharama. Geuza kiatu uangalie chini: kama soli imelainika kama sahani, kiache nyumbani. Kata kucha za miguu za watoto siku mbili kabla, kwa sababu wakati wa kushuka vidole husukumwa mbele na kucha ndefu huumiza vibaya. Beba soksi za akiba. Kandambili zibaki kwenye nyumba ya wageni.

Khanga mbili. Sioni kifaa cha mlimani kinachoifikia khanga. Ni mbeleko mtoto akikataa kutembea, ni mkeka wa kukalia, ni kivuli, ni taulo, ni pazia la mtoto wa kike anayetaka kujisaidia, na mtu akiteguka mkono unaifunga shingoni unamwekea mkono humo. Baba watoto alizoea kunicheka mpaka alipoteguka yeye.

Maji: lita moja na nusu kwa mtu mzima, nusu lita hadi lita moja kwa mtoto kulingana na ukubwa wake, na msinywe ya kijito hata yakiwa maangavu kiasi gani, maana juu yake kuna mashamba na ng'ombe. Soda haifai. Inampa mtoto dakika ishirini za mbio kisha anazimika.

Chakula cha njiani kiwe kidogo kidogo na cha mara kwa mara: mayai ya kuchemsha, chapati zilizokunjwa na sukari, karanga, kashata, ndizi, mihogo ya kuchemsha yenye chumvi. Wape kila baada ya dakika 40 bila kusubiri waombe, kwa sababu mtoto mwenye njaa hasemi ana njaa, anasema dada yake amemkanyaga. Ubuyu ni mtamu lakini unapaka rangi nguo, mikono na kila unachokishika. Mimi nauficha kwa ajili ya dakika ya mwisho.

Kila mtoto awe na kibegi chake, hata wa miaka minne, chenye sweta, chupa yake na filimbi. Uzito usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Kwenye begi lako wewe weka koti la mvua la kila mmoja, plasta, bandeji, pakiti mbili za chumvi za ORS, tochi hata kama mnarudi mchana, kofia, na simu iliyojaa chaji na kuzimwa intaneti.

Barabara ya Mombo

Watu wanaandaa mlima na kusahau barabara. Kutoka Dar es Salaam mnapita Chalinze, Segera na Korogwe hadi Mombo, na hapo mnaacha barabara kuu na kuanza kupanda kilomita thelathini na kitu kupitia Soni hadi Lushoto. Lami ni nzuri, ila ni kona juu ya kona. Nusu ya watoto niliowahi kusafiri nao wametapika kati ya Mombo na Soni, pamoja na mmoja aliyeapa kwamba yeye hatapiki.

Kabla ya Mombo wape kitu kikavu na kidogo. Msile wali na maharage Korogwe mkategemea huruma ya Mungu. Mwenye kuchafukwa akae mbele, atazame mbali barabarani, asishike simu. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, usitegemee kuomba mfuko kwa kondakta. Beba kopo la siagi au ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana. Mfuniko ni muhimu kuliko ndoo.

Fikeni Lushoto mchana, mlale, mtembee kesho yake. Kutoka kwenye gari moja kwa moja kuingia njiani nimejaribu, na sirudii.

Njia ya kwanza: Soni, kwa ajili ya kunyoosha miguu

Soni iko kati ya Mombo na Lushoto, na maporomoko yake yako karibu kabisa na barabara. Simamisheni gari, mshuke polepole kwa kijia, muone maji, mpande. Kwa mtoto wa miaka mitatu hiyo tayari ni safari ya mlimani na ataisimulia hivyo. Mawe ya karibu na maji yana utelezi wa kijani. Shika mkono, na usimruhusu mtu kuruka jiwe hadi jiwe kwa ajili ya picha. Nusu saa inatosha. Soko la Soni lina matunda msiyoyaona pwani kirahisi, mapeasi na matunda damu, na hapo tumbo lililokuwa limevurugika huwa limetulia.

Njia ya pili: Lushoto hadi Irente

Hii ndiyo njia yenyewe. Kama mna siku moja tu, fanyeni hii. Kutoka mjini Lushoto hadi jabali la Irente ni kama kilomita 6, na siri ya kuifurahia ni kwenda kwa miguu na kurudi kwa gari. Mwambie dereva wa teksi au bajaji mapema awafuate saa 9, mkubaliane bei kabla ya safari.

Mnaanzia mjini mkipanda taratibu kuelekea Yoghoi. Saa ya kwanza ndiyo yenye kilima cha maana. Baada ya hapo njia inazunguka bega la mlima, mara inapanda kidogo, mara inashuka. Barabara ya vumbi inapitika na magari, na wenye watoto wadogo wabaki humo. Wakubwa wanaweza kuchukua vijia vya mkato katikati ya mashamba ya mahindi, maharage na kabichi, mradi mkutane kila panapokatana na barabara.

Wafundishe watoto jambo moja kabla ya kuondoka: kila mtu mzima njiani anaamkiwa. Shikamoo kwa bibi mwenye kuni kichwani, shikamoo kwa mzee mwenye jembe. Ni adabu, bila shaka, lakini pia ni ulinzi. Njia yenye watu kumi waliokwisha kuwaona watoto wako na kuwaitikia marahaba ni njia ambayo mtoto akipotea dakika tano, watu kumi wanajua alielekea wapi. Na usiwapige watu picha bila kuomba. Wasambaa ni wakarimu, lakini shamba la mtu si bustani ya maonyesho.

Kabla ya jabali mtapita shamba la Irente, mali ya Kanisa la Kilutheri, linalojulikana kwa jibini, jamu na mkate wake. Mnaweza kuagiza mlo mapema na kula chini ya miti. Hapo ndipo pa kupumzika saa nzima bila kuona aibu. Mtoto wangu wa kati, ambaye nyumbani hali kitu chenye jina asilolijua, alikula vipande vinne vya jibini akidhani ni keki. Sikumsahihisha.

Kisha jabali. Ukitokea kwenye miti, ardhi inakatika ghafla mbele yako, na karibu mita 1,000 chini unaiona nyika ikitandaa kuelekea upeo, na huko Mazinde mistari ya mashamba ya mkonge kama mtu aliyeichora kwa rula. Watoto wakiuliza ile mistari ni nini, waambie: mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf, akiutoa Florida, Marekani, na katika miche yote aliyoagiza ni 62 tu iliyofika hai. Mashamba yote ya Tanga yakaanzia hapo. Wangu walianza kuhesabu miche 62 kwa vidole na tukapata dakika saba za utulivu.

Ukingo wenyewe hauna mzaha. Usitegemee uzio. Sheria yetu ni kwamba hatua kumi kutoka ukingoni kila mtoto anashikwa mkono na mtu mzima, mmoja kwa mmoja, na anayetaka kutazama chini analala kifudifudi na kushikwa miguu. Kama watu wazima ni wawili na watoto wanne, mnaenda kwa zamu. Picha za kujipiga mwenyewe huku umeupa mgongo ule upeo wa macho, ziacheni kwa wasio na watoto. Bebeni chenji, kuna kiingilio kidogo.

Njia ya tatu: Msitu wa Magamba

Kilomita chache kutoka Lushoto upande wa Magamba kuna hifadhi ya msitu wa asili iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hapa mnahitaji mwongozaji na kibali, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo shughulikieni jana yake na si asubuhi ile watoto wameshavaa mabegi. Omba mzunguko mfupi wa saa mbili hadi tatu. Kilele cha Magamba, mita 2,230, kiacheni kwa wenye miaka tisa na kuendelea.

Msituni hakuna mandhari ya mbali, na mtu mzima anaweza kuchoshwa. Mtoto kamwe. Kuna mbega wenye mikia mirefu yenye ncha nyeupe wanaoruka juu, magogo yaliyooza yenye uyoga, na vinyonga. Usambara ina vinyonga wa aina zisizopatikana mahali pengine popote duniani, wengine wana pembe mbili puani, wengine tatu. Na hapa kuna jambo la kumfanya mtoto wa Kiswahili atembee kifua mbele: mwaka 2006 wanasayansi walipotenga jenasi mpya ya vinyonga wa Afrika Mashariki, waliiita *Kinyongia*. Ndiyo, kutoka kwenye kinyonga letu hili hili. Wengi tumelelewa kumwogopa mnyama huyu na kumwona nuksi. Mwache mtoto amtazame macho yake yanayozunguka kila moja kivyake, bila kumshika, halafu ajiamulie mwenyewe.

Kuhusu mwongozaji: usimchukue wa kwanza anayekukimbilia stendi. Uliza kwenye nyumba uliyofikia au ofisi za utalii wa kijamii mjini, umwombe akuonyeshe kitambulisho. Kisha muulize maswali mawili. Mdogo wangu ana miaka minne, utatupitisha wapi? Tukichoka katikati, tunatokea wapi? Anayejibu la pili bila kufikiri ndiye wako. Anayekuambia "hakuna shida, watafika tu" mshukuru na uendelee kutafuta.

Kumtembeza mtoto bila kumburuza

Kilomita si tatizo la miguu. Ni tatizo la kichwa. Mtoto aliyechoka hawezi hatua moja zaidi, akiona mbuzi anakimbia mita mia.

Mweke mdogo mbele. Mwendo wake ndio mwendo wa wote, na akiwa mbele hajioni amebaki. Mtu mzima mmoja awe wa mwisho kabisa, na asipitwe. Badilisheni kiongozi kila mnapopumzika, na kiongozi apewe fimbo. Fimbo ni muhimu. Mtoto mwenye fimbo ni mzee wa ukoo.

Usitaje umbali. "Bado kidogo" ikisemwa mara tatu ni uongo na wanajua. Taja kitu: tukifika pale kwenye mti wa parachichi tunakula yai.

Na msimulie hadithi za pale pale mnapokanyaga. Usambara ina ya Mbegha. Kwa masimulizi ya wazee, alizaliwa Ngulu akaota meno ya juu kwanza, akaitwa kigego, mtoto wa mkosi, na ndugu zake wakamkataa. Akawa mwindaji, akaingia milima hii na mbwa wake akiua nguruwe waliokuwa wakila mazao ya watu, na nyama akawagawia. Usiku mmoja akaua simba. Wasambaa wakamfanya mfalme, na makao ya ukoo wake wa Wakilindi yakawa Vuga, hapo hapo jirani na Soni. Ukiisimulia vizuri, ukasimama kila penye nguruwe na kukataa kuendelea mpaka mfike kwenye jiwe lile, hadithi hii ina kilomita mbili ndani yake. Usiimalize mapema. Mimi simba namweka kwenye kilima cha mwisho.

Mambo ya kuogopa na ya kutoogopa

Nyoka wanatajwa sana na huonekana mara chache. Pigeni kelele, tembeeni njiani, msiingize mkono kwenye shimo. Ninachokiogopa zaidi ni siafu. Mfundishe mtoto kutazama chini kabla ya kusimama, na akivamiwa akimbie kwanza kutoka kwenye mstari wao, kuvua nguo baadaye. Upupu nao: ni maganda yenye manyoya ya hudhurungi kwenye mmea unaotambaa, na ukimgusa mtoto usimsugue wala usimruhusu ajikune, maana utaueneza. Toa manyoya kwa kubandika na kubandua utepe wa gundi (selotepu), kisha osha.

Ngurumo ikisikika, tokeni kwenye jabali na vilele, msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, shukeni. Mtoto aliyelowa na anayetetemeka avuliwe nguo mbichi hapo hapo na avalishwe kavu. Kumwongezea koti juu ya shati lililolowa hakusaidii.

Kupotea ni somo la nyumbani, si la msituni. Mwambie: ukigeuka usituone, usitembee. Kumbatia mti ulio karibu, piga filimbi mara tatu, subiri, piga tena. Sisi ndio tutakutafuta. Fanyeni kama mchezo uani mara mbili tatu, mpaka mdogo aifanye bila kufikiri.

Mkishaizoea Lushoto

Morogoro ni hatua nzuri inayofuata, hasa tangu treni ya mwendokasi ilipoanza Juni 2024. Watoto wanafurahia treni kuliko mlima, na ni kama saa mbili tu kutoka Dar es Salaam. Kutoka mjini mnapanda Milima ya Uluguru kuelekea Morningside, kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, mkipita mashamba ya Waluguru yaliyoning'inia kwenye miteremko. Ni mkali kuliko Irente, na kushuka kunaumiza magoti. Kwa miaka saba na kuendelea.

Kisha Kilimanjaro, ndiyo, Kilimanjaro. Kutoka geti la Marangu, kama mita 1,870, hadi Kibanda cha Mandara, mita 2,720, ni kilomita 8 za msitu, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Pitisha kwenye kanuni ya Naismith: saa moja na dakika 36 za umbali, na karibu saa moja na nusu za kupanda. Jumla saa 3 kwa mtu mzima, na kushuka bado. Ndiyo maana siwapeleki wa chini ya miaka kumi. Juu ya mita 2,500 maradhi ya mwinuko yanaweza kuanza: mtoto akiumwa kichwa, akikataa chakula, akitaka kulala saa isiyo ya kulala, hampumziki, mnashuka. Bebeni vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa, kwani viingilio vya Watanzania ni tofauti na vya wageni.

Jioni mkirudi

Maji ya moto kwenye beseni, chumvi kidogo, miguu yote ndani kwa pamoja. Wakiwa humo, kagua nyuma ya masikio, makwapani na kiunoni kwa ajili ya kupe. Ukimwona, mshike kwa kibano karibu na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumpaka mafuta wala kumchoma. Tazama visigino na vidole. Lengelenge lisilopasuka liache, funika. Viatu vijaze magazeti, viweke mbali na moto ili ngozi isikakamae. Kisha muulize kila mmoja, kuanzia mdogo, ni kitu gani alichokiona. Kitinda mimba wangu alipofika Irente kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na miaka sita, nilidhani atataja lile jabali. Akasema, "Bibi mwenye kuni. Aliniitikia mara mbili."